Maganda ya Vidonge

Alikuja na maganda ya vidonge, kayafunga kwa rababendi,
akayatandaza juu ya kioo cha kaunta
kama mcheza karata aliyechoka kubishana.
"Hesabu, dada. Hesabu mwenyewe."

Nikahesabu. Vishimo sitini na vitatu,
vyote vimetobolewa, vyote vitupu.
Na mimi wiki iliyopita, mbele ya watu,
nilimwambia: Kobelo, wewe dozi unaruka.

Dismasi Kobelo, msukuma mkokoteni.
Kabichi za kwao Mgeta huzipokea alfajiri
zikiwa bado na ubaridi wa mlima,
azisukume Mkunguni, azivushe Msimbazi.
Siku hizi shati limemzidi,
mkanda kautoboa tundu jipya kwa msumari.
Tumbo linamsokota tangu Kwaresima, choo kina damu.
Na kifafa, kilicholala miaka tisa,
kimemwangusha mara mbili Narung'ombe,
kabichi zikabingirika hadi mtaroni.
Wapita njia walisema: kalewa.
Mimi, mwenye koti jeupe, nilisema: hamezi.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Majibu yalikuja kutoka Upanga:
dawa ndani ya damu, kiduchu,
kama chumvi iliyopitishwa tu juu ya chungu.

Usiku nilifungua kitabu cha chuo,
jalada lilishang'oka, mende wamekula faharasa.
Utumbo ni ukuta, kinasema,
na ukuta una malango mengi kuliko vichochoro vya Kariakoo.
Dawa nyingine hujipenyeza yenyewe,
nyingine haivuki mpaka ibebwe.
Wapo wachukuzi wa kuingiza.
Wapo na wa kutoa:
wakikuta kitu wasichokijua kizingitini
hukishika ukosi, hukirudisha barabarani.
Mwili ukiwa na amani, hupishana bila kugombana.

Ila utumbo ukishika moto
daftari la zamu huchanika.
Wa kuingiza wanapungua, hakuna aliyeaga.
Wa kutoa wanajazana mlangoni,
au wanatoweka wote kwa mkupuo,
na dozi ileile, kidonge kilekile,
kinaingia kama maji ya Jangwani mwezi wa nne,
dawa ikageuka sumu.
Kwa Kobelo ni lipi? Naona la kwanza. Sina hakika.
Kitabu chenyewe kimeandika "huenda"
mara nane katika ukurasa mmoja.

Nilikaa na taa ya chaji, nikafikiri:
mtaa huu wenyewe jina lake ni la wachukuzi,
watu waliobebeshwa vita visivyo vyao,
wakaandikwa kwa idadi.
Jina lilibaki. Migongo haikubaki.
Na mimi nimezaliwa humu, nimenunuliwa sare humu,
sikuwahi kuuliza anayebeba anakula nini,
anaumwa wapi, nani anamshika zamu.
Mbebaji huonekana siku mzigo usipofika.

Asubuhi nilimwandikia barua ya kwenda kwa daktari.
Mistari miwili, mwandiko wa kusomeka:
Mgonjwa anameza. Nimehesabu.
Tafadhali tazameni utumbo kabla ya kuongeza dozi.

Nikamweleza na yeye, kwa maneno ya sokoni,
malango, wachukuzi, zamu iliyovurugika.
Alisikiliza huku anayafunga tena maganda yake.
"Hayo ya nini tena?"
"Ushahidi. Hospitali nako kuna mtu atanambia simezi."

Niliinama. Kioo cha kaunta kilikuwa na alama za vidole vyake,
na pole yangu ilitoka ndogo,
ndogo kuliko kidonge.

Akafika mlangoni, akageuka:
"Sasa hao wa ndani, dada, wanalipwa na nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Alikuwa anauliza kweli.
Nje mkokoteni ulikuwa umezuia gari la mtu,
honi inalia, matusi yanafuata,
na Kobelo akaushika mpini
taratibu, kama anayeshika mkono wa mgonjwa.